Nililiweka jina langu halisi kwenye gemu, haya ndiyo yaliyonikuta

Mkuu, umeeleza kwamba mdogo wako wa miaka 13 amejiunga na timu kwenye gemu ya mtandaoni, na msimamizi wa timu anataka kila mchezaji aandike majina yake mawili halisi "ili matusi yapungue". Wewe unaona ni jambo la heri, mtu akijulikana ataona haya. Dogo hataki. Na waliokujibu hapo juu wengi wamesema akikataa basi kuna kitu anaficha.

Dogo yuko sahihi. Nasema hivi kwa sababu mimi nimekuwa pande zote mbili: niliwahi kucheza kwa jina langu kamili, na baadaye nikawa huyo huyo msimamizi anayelazimisha wenzake.

Kwangu ilianza bila hata kufikiri. Wakati nafungua akaunti kulikuwa na kitufe cha kuingilia kwa akaunti ya barua pepe, nikabonyeza, jina likajijaza lenyewe, la kwanza na la ukoo. Nikacheza nalo karibu mwaka mzima. Nilijiona mtu mwaminifu kuliko hawa wanaojiita Simba na Radi.

Halafu ikaja mechi moja. Tulikuwa tunalinda ngome, zimebaki dakika mbili, kazi yangu ni kukaa langoni nisitoke. Nikamwona adui mmoja ana damu kidogo, tamaa ikanishika, nikamfuata. Wenzake watatu wakapita nyuma yangu. Pointi za msimu mzima zikaenda na maji. Mmoja wa timu yetu akafungua maiki akanitukana mpaka pumzi zikamwishia, nami nikamjibu kwa kuandika. Nakiri nilimjibu vibaya. Nikazima kompyuta nikalala.

Kesho yake bosi akaniita. Hakusema neno, akanigeuzia simu yake. Ilikuwa skrinshoti ya maneno yangu, jina langu juu yake limekaa vizuri, imetumwa kwenye ukurasa wa ofisi na swali chini: "Huyu ndiye anayehudumia wateja wenu?" Aliyetuma alikuwa yule yule mwenzangu. Matusi yake hayakuwamo kwa sababu yalikuwa ya mdomo. Na hata yangeandikwa, yeye alijiita Kivuli na tarakimu nne, ningempeleka kwa bosi gani?

Bosi alinielewa, nashukuru. Lakini nilikaa wiki nzima najiuliza huyo Kivuli amenipataje haraka namna ile. Jibu ni kwamba jina langu la ukoo halina wengi. Hili watu hawalifikirii wanapodai majina halisi. Mtu mwenye majina ambayo maelfu wanayo anaweza kuyaandika yote mawili na bado akabaki kwenye umati. Mwenye jina la nadra, kuliandika ni sawa na kuandika anwani ya nyumba. Kanuni ni ile ile, ila mmoja inampitia juu na mwingine inampiga usoni.

Sasa cheka: miaka kadhaa baadaye nikapewa timu niisimamie, watu kama 40, matusi kila siku, na mimi huyo huyo nikaweka kanuni ya majina halisi. Nilijidanganya kwamba tatizo langu la zamani lilikuwa Kivuli kutokuwa na jina. Wote wakiwa na majina, tutakuwa sawa.

Ilidumu miezi miwili. Watukanaji waliendelea kutukana, sasa kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Mtu aliyekasirika hakumbuki ameandika nini kwenye wasifu wake. Kilichobadilika ni wanyamavu, hao walianza kuondoka mmoja mmoja.

Tulikuwa na mlinzi mmoja, bora kuliko wote niliowahi kucheza nao, alijiita Kobe. Hakufungua maiki hata siku moja. Akikuandikia ni maneno matatu: "rudi nyuma", "subiri", "sasa". Vijana walimheshimu mno, kila mechi ikiisha wanamuuliza mbinu. Kanuni ilipokuja alichelewachelewa, nikamkumbusha, nikamkumbusha tena, mwishowe akaliandika. Jina la mwanamke. Jioni ile ile watu wakaanza kumwandikia pembeni. Wengine salamu tu, wengine wanataka picha, mmoja akaanza kubisha kwamba akaunti huwa inachezwa na kaka yake. Baada ya wiki akaniandikia ujumbe ambao sijausahau: "Miaka miwili mlikuwa mnaniuliza nimelindaje. Sasa mnaniuliza naishi wapi." Akatoka kwenye timu. Sikuwa na la kumjibu, maana mimi ndiye niliyemvua lile gamba.

Ningekuwa nafuatilia habari za magemu nisingehitaji kujifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Julai 2010 kampuni ya Blizzard, wenye World of Warcraft na StarCraft, walitangaza kwamba kila atakayeandika kwenye uwanja wao rasmi wa mazungumzo ataonekana kwa jina lake la kweli, chini ya mfumo wao wa Real ID. Sababu yao ilikuwa hii hii ya msimamizi wa dogo, kupunguza matusi na uchokozi. Mfanyakazi wao mmoja akataka kuonyesha kwamba hakuna la kuogopa, akaandika jina lake mwenyewe hadharani. Hakukucha, wachezaji walikuwa wameshafukua namba za simu, anwani na habari za familia yake na kuzibandika. Siku tatu baada ya tangazo, mkuu wa kampuni akatoka akasema mpango umefutwa.

Korea Kusini walikwenda mbali zaidi wakaliweka kwenye sheria. Kuanzia 2007 tovuti kubwa zililazimika kuthibitisha mtu ni nani kabla hajaandika chochote. Wasomaji wenzako hawakuliona jina lako, ila tovuti ilikuwa nalo, pamoja na namba ya kitambulisho. Mwaka 2011 wadukuzi wakaingia kwenye moja ya mitandao mikubwa ya huko wakaondoka na taarifa za watu wapatao milioni 35. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo kwa kauli moja, na moja ya hoja zake ni kwamba maandishi haramu hayakuwa yamepungua kwa kiasi cha maana. Nchi nzima, miaka mitano, wenye nguvu ya dola. Sisi watu 40 na kanuni yangu tungefika wapi?

Kisa cha Korea kinafundisha jambo ambalo kwenye uzi huu naona linachanganywa. Kuna jina analolijua mwenye gemu, na kuna jina wanaloliona wachezaji wenzako. La kwanza wakati mwingine huna namna: ukilipa kwa kadi, jina la kwenye kadi watalipata tu, na siku akaunti ikiibwa watakuuliza uthibitishe wewe ni nani. Hapo kudanganya kunaweza kukunyima akaunti yako mwenyewe. Lakini usidhani kwamba kwa kuwa ni kampuni kubwa basi pako salama. Aprili 2011 mtandao wa PlayStation uliingiliwa, akaunti kama milioni 77 zikaguswa, majina na anwani na tarehe za kuzaliwa, na huduma ikazimwa zaidi ya wiki tatu. Kwa hiyo hata kwa kampuni, jaza kile tu kinachotakiwa kwa lazima. Visanduku vya hiari viache wazi.

Jina la pili ndilo mnalobishania, na hilo halina haja ya kuwa la kweli hata kidogo.

Mwingine ataniambia nakuza mambo, gemu ni gemu. Desemba 2017 huko Wichita, Marekani, watu wawili waligombana kwa ajili ya dau la dola moja na nusu kwenye gemu ya Call of Duty. Mmoja akamtafuta mtu wa kupiga simu polisi kudanganya kwamba kuna mauaji na mateka kwenye nyumba fulani. Anwani waliyopewa polisi ilikuwa ya zamani ya mpinzani wake. Polisi wakafika, wakampiga risasi mtu aliyetoka mlangoni, ambaye hakuwa hata anacheza. Aliyepiga simu alifungwa miaka 20. Visa vya kufikia huko ni vichache, najua, lakini cha mwenzangu na bosi wangu ni cha kawaida kabisa, na vyote viwili huanza kwa mtu mwenye hasira kujua pa kukupata.

Sasa msije mkadhani lakabu peke yake ndiyo dawa. Baada ya yale ya ofisini nilijipa jina la gemu, nikalipenda, nikalitumia kila mahali. Siku moja kijana mdogo wa timu pinzani akaniandikia katikati ya mechi namba yangu ya simu. Yote, mpaka tarakimu ya mwisho. Nikaganda. Nikamuuliza umeipata wapi, akacheka, akanitumia kiunganishi. Lilikuwa tangazo langu la kuuza kibodi iliyotumika, la miaka minne nyuma, nilijiandikisha pale kwa lakabu ile ile na chini nikaweka namba ili wateja wanipigie. Alichofanya ni kuandika lakabu yangu kwenye Google. Hakuwa na ubaya, alitaka tu kunishtua. Alifaulu. Tangu siku ile lakabu ya gemu naitumia kwenye gemu tu, na kabla ya kuichagua naitafuta kwanza mtandaoni nione inaleta nini. Mwaka wa kuzaliwa mwishoni mwa jina pia niliacha, ni kujianika bure.

Tukirudi kwa msimamizi wa dogo, shida yake ya matusi ni ya kweli na sitaki kumkejeli. Kilichotusaidia sisi baada ya kuifuta ile kanuni ni kwamba lakabu yenyewe tuliipa uzito. Ukiingia na jina fulani unabaki nalo, ukibadilisha unaanza daraja la chini kabisa, huchaguliwi mechi za msimu mpaka upande tena. Ukitukana unanyamazishwa siku tatu, ukirudia unatoka, na jina lako linabaki kwenye orodha ya waliotolewa. Watu walianza kuyatunza majina yao ya uongo kuliko walivyoyatunza ya kweli, sijui hata nilielezeje. Matusi hayakuisha, ila yalipungua kiasi cha watu kufungua maiki tena.

Kwa hiyo msimamizi akishikilia kanuni yake, dogo atafute timu nyingine. Ziko nyingi.

Usiku huu kaa naye dakika 20. Angalieni jina linaloonekana kwa wengine, maana mara nyingi ni tofauti na lile la kuingilia. Steam kwa mfano, lile duka la magemu ya kompyuta, inayatenganisha, hivyo kubadilisha linaloonekana hakuigusi akaunti. Kagueni kama akaunti imeunganishwa na mtandao wa kijamii wenye majina yake. Umri, tofauti na jina, auweke wa kweli. Watoto hupenda kujiongezea miaka, na wakifanya hivyo wanajiondolea kinga zilizowekwa kwa ajili yao. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliibana Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, kwa faini ya dola milioni 275 kuhusu faragha ya watoto, na agizo moja lilikuwa mazungumzo ya sauti na ya maandishi yawe yamezimwa tangu mwanzo kwa watoto na vijana. Akijiandika ana miaka 25, hiyo haimhusu.

Halafu umetaja kwa kupita tu kwamba picha yake ya wasifu amevaa sare ya shule. Nembo ikisomeka, jina halisi halihitajiki tena. Anza na hiyo.