Kinacholegea ni msuli, si mshipa

Msomaji wa Tanga anauliza: "Mama yangu mkojo unamtoka kabla hajafika chooni. Alikotibiwa wamemwambia mishipa ya kibofu imelegea. Kaka yangu anasema neno sahihi ni neva. Nani yuko sawa?"

Kaka yako amekaribia, maana neva ni zile nyuzi zinazopeleka habari mwilini, lakini swali lako limenigusa panapouma. Neno mshipa tumelitwika mizigo mpaka limepinda mgongo. Damu inapita kwenye mshipa. Mwenye ngiri ana mshipa. Shingo ikikakamaa asubuhi ni mshipa, ganzi ya miguu ni mishipa, na sasa kibofu nacho.

Baba yangu mdogo alikuwa na kisukari. Aliambiwa "mishipa ya mkojo imechoka", akaelewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa: mshipa ni habari ya damu. Akarudi nyumbani akawa anachemsha majani ya kusafisha damu, bilauri asubuhi, bilauri jioni. Siku moja tumekaa barazani akapandisha shati, akaniambia nimshike tumbo. Chini ya kitovu palikuwa pamevimba, pagumu kama dafu. Kibofu kimejaa pomoni, naye hahisi kubanwa hata kidogo! Kisukari kilikuwa kimeziharibu neva zinazopeleka habari kwamba kibofu kimejaa. Angetajiwa neva, angalau angeuliza neva ni nini. Kwa kuwa alitajiwa mishipa, hakuuliza; alidhani anajua.

Basi tutazame kazi yenyewe. Neva za nyonga zinatoka sehemu ya chini kabisa ya ule ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo. Kibofu cha mtu mzima kikifika mililita 150 hadi 200 hivi, zinapeleka habari. Kikifika 400, mtu hatulii kitini. Neva hizohizo ndizo zinazorudisha amri, msuli wa kibofu ukajikaza na kusukuma mkojo. Ziko nyingine, kutoka juu kidogo mgongoni, zinazoulegeza msuli huo ili kibofu kipate kujaa. Na iko ya kundi la tatu inayoshika lango la nje, lile tunalolibana kwa hiari daladala ikikwama kwenye foleni. Kwa hiyo kinachokaza na kulegea ni msuli. Neva inapeleka habari, au haipeleki. "Neva imelegea" ni kosa kama "mshipa umelegea", na hapo ndipo nisipokubaliana na kaka yako kama naye anasema hivyo.

Wako watakaoniletea "mshipa wa fahamu" badala ya neva. Kwa asili sina ugomvi: mshipa ni la Kibantu, Wazulu wanasema umsipha kwa maana ya kano au msuli, neva tumeitoa Kiingereza, na mzizi wake ni nervus la Kilatini, ambalo nalo zamani lilikuwa kano. Kinachoniudhi ni hiyo fahamu. Mtazame mtoto mchanga kwenye mbeleko. Kibofu kinajaa, habari inapanda, amri inarudi papo kwa papo, mgongo wa mama umelowa. Mtoto hakuulizwa. Atafika miaka miwili mitatu ndipo ajue kuzuia. Mtazame na aliyeumia mgongo sehemu ya kifuani: wiki kadhaa baadaye kibofu chake huweza kuanza kujikamua chenyewe, kwa sababu njia fupi ya kule chini ya mgongo ingali hai, ila habari haimfikii kichwani. Neva inafanya kazi, fahamu haipo. Utaitaje huo mshipa wa fahamu?

Bibi yangu akilisema simsahihishi, ndilo alilokuta. Lakini anayevaa koti jeupe na anayeandika makala za afya sina la kuwasamehe. Neva imo kamusini, ina silabi mbili, haimuumizi mtu ulimi.

Mama yako arudi aulize hivi: ni msuli au ni neva? Kama ni misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayokishikilia kibofu kwa chini, iliyochoka kwa kuzaa, yapo mazoezi ya kuikaza, na ataonyeshwa. Kama ni neva, wampime sukari na wamwangalie mgongo. Na akijibiwa tena "ni mishipa tu, mama", asiinuke kitini.