Ukitaka jukwaa la samba na jazi, anzia kwenye pigo la pili

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Columbus, Ohio, aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimeona picha zako za Agosti. Na mimi napiga ngoma tangu nyumbani. Nifanyeje nipate nafasi kwenye hayo matamasha ya majira ya joto?" Marahaba, mdogo wangu. Wanaoniuliza hivyo kwenye simu ni wengi, na najua nyote mnataka kitu kilekile, kwa hiyo naandika mara moja hapa.

Huku Massachusetts, kuanzia Juni hadi Agosti, miji mingi huweka muziki wa bure bustanini jioni. Watu huja na viti vya kukunja, mablanketi, watoto na mbwa. Mfululizo wetu ni wa muziki wa Brazili na wa Marekani, wala si ajabu, maana Wabrazili wamejaa Framingham na Somerville. Wana maduka yao, makanisa yao, na masikio makali. Mmarekani ukimharibia samba atakupigia makofi hivyohivyo. Mbrazili atakunja kiti aende zake.

Mtoto wa Tanga nimefikaje huko? Kwa dufu. Nimekulia kwenye maulidi, na niliposhikishwa pandeiro, ile tari ya Kibrazili yenye visahani vya chuma pembeni, vidole vilijiona viko kwao. Haviko. Pandeiro mkono mmoja unaishika na kuigeuzageuza, mwingine unapiga: kidole gumba karibu na ukingo kwa sauti nene, ncha za vidole, kitako cha kiganja, vidole tena, kisha kofi la katikati. Visahani havitakiwi kunyamaza hata kidogo. Kinachouma ni mkono ulioshika, si ule unaopiga. Alinifundisha mzee mmoja wa Salvador, Brazili, ambaye mchana alikuwa fundi rangi wa nyumba, na alikuwa hasemi kitu. Ukikosea anakunyang'anya tari.

Yeye ndiye aliyeniambia niache mbwembwe nitafute surdo. Hiyo ndiyo ngoma kubwa ya samba. Hesabu ni moja, mbili. Kwenye moja ngozi inazibwa, kwenye mbili inaachwa iungurume. Uzito wote uko hapo. Mpiga dramu aliyezoea roki hukanyaga kwa nguvu kwenye moja, na samba inageuka gwaride. Aliyezoea jazi naye huyumbisha noti, wakati bosa nova, ile samba tulivu iliyochanganyika na jazi, inataka zinyooke. Ukilishika pigo la pili, bendi yoyote ya mseto huu itakuhitaji, hata kama hujui neno moja la Kireno. Nasema tena: pigo la pili.

Na ujue historia, isije ikakukuta. Mwaka 1961 mpiga gitaa Charlie Byrd alizunguka Amerika ya Kusini kwa ziara ya serikali ya Marekani, akarudi na bosa nova kichwani. Februari 1962 yeye na mpiga saksafoni Stan Getz wakarekodi Jazz Samba ndani ya kanisa la All Souls, Washington, na 1963 albamu hiyo ikapanda hadi namba moja kwenye chati ya Billboard. Getz na Byrd wanajulikana. Ila mpiga dramu wao, Buddy Deppenschmidt, alikuwa kwenye ziara ile, akajifunza mapigo kwa Wabrazili wenyewe, akayapiga kwenye rekodi ile. Waulize mashabiki wa jazi jina lake uone wangapi watalitaja.

Nalisema hili kwa uchungu, sifichi. Kuna mwaka, katika mji mwingine, bango la tamasha liliandika jina la mwimbaji, la mpiga gitaa, la mpiga piano, halafu: "pamoja na wapiga ngoma wa Kiafrika". Wapiga ngoma! Nilikuwa peke yangu. Nikaombwa nivae "nguo za asili", nikavaa shati langu jeupe la kazini. Nilipouliza habari ya jina, mwandaaji akasema nafasi kwenye karatasi ilikuwa finyu. Nembo za wadhamini zilienea zote.

Agosti hii jina lilikuwepo, herufi zote, na limeandikwa sawasawa. Jioni yenyewe ilikuwa na unyevu wa kutisha na ngozi ya pandeiro ikalegea kabisa. Nyumbani tungekoka moto tukaota nao matari. Bustanini kuwasha moto ni kujitafutia polisi. Nikaianika juu ya boneti ya gari lililoshinda juani, ikakaza kabla hatujaitwa kupima sauti. Mwandaaji alitaka nusu ya kwanza iwe Marekani na nusu ya pili Brazili. Nikakataa, na mwenye bendi akanisikiliza, kwa sababu ukitenganisha hivyo wazee wa jazi wanaondoka na mbu wakati wa mapumziko na Wabrazili wanakuja wamechelewa. Tulichanganya. Caravan, wimbo wa jazi wa Juan Tizol na Duke Ellington, tuliiweka juu ya surdo, tukaunganisha na wimbo wa Jobim, mtunzi wa bosa nova, bila kusimama, na kina mama wa Kibrazili wakainuka kucheza mbele ya jukwaa kabla jua halijazama. Nilijisikia vizuri, kwa nini nidanganye?

Lakini ninyi vijana mnapenda picha za jukwaani kuliko mazoezi. Mnataka solo. Hakuna anayekupa solo kama huwezi kushika mdundo mmoja wimbo mzima bila kukimbia. Kaa na surdo. Heshimu wenye muziki wao, nenda kwenye sherehe zao, kula feijoada yao, ile maharage meusi yaliyopikwa na nyama, sikiliza kabla ya kupiga.

Kuhusu maombi: usingoje joto. Waandaaji wengi hupanga ratiba wakati theluji bado iko chini, basi Januari uwe umeshatuma video ya wimbo mmoja usiokatwakatwa, mikono yako ikionekana. Kwenye mkataba, omba iandikwe kwamba jina lako litakuwa kwenye bango, na uliandike mwenyewe kwa herufi kubwa. Malipo nitayaandikia siku nyingine, maana hayo yana hasira zake na leo nimeshasema mengi.