Lori la Mitungi Halifiki Mirihi

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ukipewa tiketi ya kwenda kuishi sayari ya Mirihi, bila kurudi, utaichukua? Kwa nini?" Najua wapo watakaojibu kwa kumtaja Mungu, na wapo watakaojibu kwa kuzitaja kodi za nyumba. Mimi nitajibu kwa kazi inayonilisha. Ni fundi, natunza mtambo wa oksijeni wa hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Kati. Jibu langu fupi ni hapana. Refu ndilo hili.

Mtambo wangu si mgumu kuueleza. Kompresa inavuta hewa ya nje, hii hii mnayoivuta nyinyi bure, inaishindilia ndani ya mnara uliojaa punje za zeolaiti. Punje hizo huishika naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite, nayo hutoka ikiwa na usafi wa asilimia 93 hivi. Minara ni miwili, inapokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: huyu akishusha mchi, yule anapandisha. Wa kuwapa zamu ni vali.

Ijumaa moja usiku vali mojawapo ikakwama. Sista wa zamu wodi ya watoto akanipigia simu: "Fundi, geji inashuka." Nikafika kwa bodaboda, nikaifungua, nikakuta unga wa zeolaiti umejazana ndani na sili, ule mpira wa kuzuia kuvuja, imechanika. Sili yenyewe haizidi sarafu ya shilingi mia mbili. Na kwenye oksijeni hakuna kubahatisha. Mahali pengine fundi angepaka grisi kidogo mambo yaende, hapa tone la grisi ni mlipuko unaosubiri. Tulikuwa na mitungi ya akiba ya kutufikisha asubuhi. Asubuhi lori la mitungi likatoka mjini, na likaendelea kuja kila baada ya siku mbili kwa wiki sita, tukisubiri sili kutoka ng'ambo. Ilipofika ilikuwa saizi siyo. Tukasubiri tena.

Hakuna mtoto aliyepotea kwa ajili ya sili ile. Nilipongezwa na mganga mkuu, lakini aliyestahili ni dereva wa lori.

Sasa nipelekeni Mirihi. Presha ya hewa ya kule haifiki hata asilimia 1 ya presha ya hewa yetu, na katika hiyo hewa kidogo, kama asilimia 95 ni hewa ukaa. Zeolaiti yangu haina cha kuchuja hapo. Wamarekani walilijua hilo, wakaweka kwenye tumbo la gari-roboti lao Perseverance, lililotua bonde la Jezero tarehe 18 Februari 2021, kisanduku kiitwacho MOXIE chenye ukubwa wa betri ya gari. Kinavuta ile hewa ukaa, kinaipasha joto la nyuzi 800, kinaivunja: oksijeni upande huu, na upande wa pili gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Kiliwashwa mara 16 hadi mwaka 2023. Kikafanya kazi vizuri kuliko walivyotarajia wenyewe. Nawavulia kofia waliokitengeneza, ni mafundi wenzangu hasa.

Lakini fundi hupiga hesabu. Jumla ya oksijeni yote iliyotengenezwa na kisanduku kile kwa miaka ile ni gramu 122. Mtu mzima mmoja hukadiriwa kutumia gramu 840 kwa siku. Maana yake, oksijeni yote iliyowahi kutengenezwa na binadamu kwenye sayari nyingine inamtosha mtu mmoja saa tatu na nusu. Ukiingia zamu saa mbili asubuhi, kabla ya saa sita imekwisha.

Mtasema kikubwa zaidi kitatengenezwa, na nakubali, si muujiza, ni suala la kukuza kipimo. Hesabu iliyonifanya niweke kikombe cha chai chini ni nyingine. Watu wanne wakikaa Mirihi mwaka mzima, oksijeni ya kuvuta ni kama tani 1. Kuwainua watu hao hao wanne kutoka pale warudi nyumbani, roketi inataka oksijeni ya kuunguzia mafuta yake tani 25 hivi. Kwa hiyo, Mhariri, maneno yenu mawili "bila kurudi" mliyoyaweka katikati ya swali kama kachumbari pembeni ya pilau, ndiyo pilau lenyewe. Safari bila kurudi ni rahisi kwa anayekupeleka. Watu wa pwani husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huko juu, ngama, yaani marejeo, ina bili yake, na wapo wanaopenda isilipwe.

Hapa inabidi nimlete babu yangu mzaa baba. Alikuwa utingo wa trekta Kongwa, kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Wasiojua: baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 wataalamu watatu wakazunguka Tanganyika na majirani zake kwa wiki tisa, wakaandika kwamba zaidi ya ekari milioni 3 zinafaa kulimwa karanga. Wiki tisa! Kongwa ikaanza. Matrekta yakaletwa, mengi yakiwa mabaki ya vita, na hayakumaliza mwaka 1947 kabla sehemu kubwa haijasimama. Udongo wa kule ukinyeshewa unanata, ukikauka unakuwa sakafu, na karanga zinabaki humo ndani kama zimesakafiwa. Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimezama. Babu alikuwa akisimulia hivi: "Mjukuu wangu, trekta lilikuja kabla ya fundi, na fundi akaja kabla ya spea." Kisha anacheka mpaka anakohoa. Mimi nikiwa mdogo sikuona kichekesho. Sasa nakiona kila nikifungua stoo.

Kongwa walikuwepo Wagogo wa kuulizwa kuhusu mvua na udongo ule. Ni kwamba hawakuulizwa. Mirihi hakuna hata wa kumuuliza. Mwaka 2008 chombo kiitwacho Phoenix kilipochota udongo karibu na ncha ya kaskazini ndipo ikajulikana kwamba una chumvi za pakloreti, si haba. Chumvi hizo huzuia tezi ya shingoni kufyonza madini joto, yale tunayohimizwa kuyapata kwenye chumvi ya mezani. Kwa hiyo picha zile za banda la vioo, nyanya zinaning'inia, mtu mwenye suti nyeupe anatabasamu, zinaruka hatua ya kwanza kabisa: kuuosha udongo. Kuosha kunataka maji. Maji yapo, barafu nyingi tu, ila unaichimba kwenye baridi ambalo wastani wake ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri, kwa mashine, na mashine ina vali.

Tusifikiri kwamba hakuna aliyejaribu kuishi hivyo hapa duniani. Septemba 1991 watu wanane, wanawake wanne na wanaume wanne, walijifungia kwenye jengo la vioo na chuma lenye ekari 3 na ushei huko Oracle, Arizona. Jengo likaitwa Biosphere 2. Ndani mlikuwa na msitu mdogo, bahari ndogo, shamba, mbuzi na kuku. Miaka miwili, hewa izunguke humo humo, chakula kitoke humo humo. Nimesoma habari za jengo lile mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri, kwa sababu kilichowakumba ni kazi yangu: oksijeni ilianza kupungua na hakuna aliyejua inakokwenda.

Kutoka asilimia 20.9 ikashuka, mwezi kwa mwezi, hadi asilimia 14 na kidogo. Ni kama kuishi juu kidogo ya kituo cha Horombo, Kilimanjaro, ila wewe hukupanda mlima, umekaa tu shambani kwako. Walichoka. Kupanda ngazi kukawa kazi, kulala kukawa kazi. Wajuzi wa nje wakashangaa: kama viumbe vinaila oksijeni, basi hewa ukaa nayo ingepaswa kuongezeka kwa kiasi kile kile, mbona haionekani? Ilichukua muda kumkamata mwizi. Udongo wa shamba ulikuwa umerutubishwa kupita kiasi, vijidudu vyake vikala oksijeni na kutoa hewa ukaa, na hewa ukaa ile ikanywewa na saruji. Kuta! Zege lililokuwa halijapakwa kitu lilikuwa linakunywa pumzi ya watu taratibu na kuigeuza chokaa. Nani angeandika saruji kwenye orodha ya walaji?

Ndani walikuwa na njaa pia, na wakagawanyika makundi mawili, wanne kwa wanne, waliokuwa marafiki hawasemeshani. Hilo halinishangazi, nimekaa bweni la shule.

Mwisho wake mnaujua kama mmenifuata mpaka hapa. Januari 1993 lori lilikuja. Oksijeni ikapulizwa ndani kutoka nje, watu wakafufuka, na wakamaliza miaka yao miwili. Magazeti yaliwacheka kwamba wamedanganya. Mimi naona walitufundisha jambo la thamani kuliko wangefaulu, na lori lao ni ndugu wa lori letu.

Hata kituo cha anga cha kimataifa kina lori. Kinazunguka kilomita 400 hivi juu yetu, pungufu ya safari ya basi Dodoma hadi Dar. Meli za mizigo hupanda mara kadhaa kwa mwaka, na mtu akizidiwa anaweza kushushwa siku hiyo hiyo. Mirihi ikiwa karibu kabisa iko kilomita milioni 55 hivi. Nafasi nzuri ya kuondoka huja kila baada ya miezi 26, na ukishaondoka ni miezi sita hadi tisa njiani. Sili yangu ya saizi siyo, kule, ingesubiriwa miaka miwili na zaidi. Ukimpigia simu aliyeuza mtambo, sauti inachukua kati ya dakika 3 na 22 kumfikia, na hivyo hivyo kurudi. Jua likikaa katikati yenu, wiki mbili hivi mtandao hakuna kabisa.

Na vumbi. Sisi wa Kanda ya Kati vumbi ni jamaa yetu, Agosti nafua filta ya kompresa kila wiki. La Mirihi ni laini kuliko letu na linanata. Mwaka 2018 tufani lake liliifunika sayari nzima na kuinyamazisha Opportunity, roboti shujaa iliyopelekwa kwa siku 90 ikafanya kazi karibu miaka 15. Desemba 2022 vumbi hilo hilo lilimaliza kazi ya chombo kingine cha huko, InSight, kwa kuzifunika paneli zake za jua. Hakuna aliyekuwepo pale na kitambaa.

Elon Musk, mwenye kampuni ya roketi ya SpaceX, anataka mji wa watu milioni moja huko Mirihi. Simpendi sana anavyoongea, lakini kuna kipimo chake kimoja nakikubali moja kwa moja: amesema mji huo utahesabika umesimama siku meli kutoka duniani zikiacha kuja, kwa sababu yoyote ile, na watu wasife. Hicho ni kipimo cha fundi. Ila kifuate mpaka mwisho wake. Vijana wa karakana huniambia siku hizi kuna mashine za kuchapa vipuri. Sawa, chapa gia, chapa bomba, chapa mpini. Mpira wa sili unatoka kwenye kiwanda cha kemikali. Kiwanda kinataka pampu. Pampu ina sili. Mpaka mduara huo ufungwe kule kule, huo si mji, ni wodi.

Nisije nikaonekana mtu wa kukatisha tamaa. Mimi ni miongoni mwa wanaotoka nje usiku kuitazama Mirihi ikiwaka rangi ya kaa la moto. Jua la kule likizama, anga karibu nalo huwa la bluu, kinyume na letu. Nimeiweka picha hiyo kwenye simu yangu, na mtu akiiona hudhani ni baharini. Siku ya kule inazidi yetu kwa dakika 39 na ushei, jambo ambalo fundi wa zamu hawezi kulidharau. Nataka watu waende. Nataka tu waende kama wafanyakazi wanaojua siku ya kurudi, miaka mitatu hivi kwa mahesabu ya sasa, na tani 25 za marejeo ziwe zimejaa kwenye tangi, zimepimwa, kabla hata hawajapanda.

Waliotoa nafasi za bila kurudi tumeshawaona. Kampuni ya Kiholanzi ya Mars One ilitangaza hivyo mwaka 2012, ikapata watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia, ikawachuja hadi 100, na mwanzoni mwa 2019 ikafilisika bila kurusha hata debe. Hakuna hata mmoja wao aliyeondoka. Nawapongeza.

Basi andikeni hivi: tiketi yenu naikataa. Mkileta ya kwenda na kurudi, mniletee pamoja nayo orodha ya stoo, kila kipuri na idadi yake, nikae nayo wiki moja. Nilipomsomea mke wangu barua hii aliuliza swali moja tu: kama mimi nipo Mirihi, na sista akapiga simu saa nane usiku, nani anakwenda? Nilikuwa bado natafuta la kumjibu, simu ikaita.