Je, mimba kuharibika ni laana? Na je, mwalimu wa Biblia haulizwi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimba zangu mbili zimeharibika. Mwalimu wa kikundi chetu cha kujifunza Biblia alinisomea Kumbukumbu la Torati 28:18, akasema tumbo langu limelaaniwa kwa dhambi niliyoificha, na kwamba niiungame mbele ya wote. Nilipomuuliza amejuaje, alinijibu kwa 1 Yohana 2:27, kuwa mwenye upako hana haja ya kufundishwa na mtu. Hajapita chuo chochote cha Biblia. Sasa hata mume wangu ananihoji. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Pole kwa watoto hao wawili, na pole kwa maneno uliyobebeshwa juu ya msiba.

Suala la chuo tuliweke kando. Akila na Prisila walikuwa washona mahema, na ndio waliomchukua Apolo, mtu hodari katika Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18). Hatusomi kwamba Apolo aliwajibu kwa kutaja upako wake. Na wenye shahada wanaofasiri ovyo wapo, tena wengi.

Kosa la mwalimu wako ni kujiweka mahali asipoulizwa, na mstari anaojikinga nao unamgeuka. Rudi nyuma mstari mmoja tu: Yohana anaandika habari ya watu wanaotaka kuwapoteza waumini, wale waliotoka kwao na kukana kwamba Yesu ni Kristo. Anawaambia waumini wa kawaida kuwa wanao uwezo wa kuwatambua. Yaani neno lililotolewa ili mtu kama wewe ampime mwalimu, yeye amelifanya kinga ya mwalimu asipimwe! Isitoshe, Yohana anayasema haya ndani ya barua ya mafundisho. Kama hakuna haja ya kufundishwa na mtu, barua ni ya nini? Na yeye anakuja kikundini kufanya nini?

Tuje kwenye laana. Kumbukumbu 28 ni maneno ya agano kwa taifa la Israeli, wakiwa Moabu, kabla ya kuvuka Yordani. Mstari ule ule unataja ng'ombe na kondoo, na wa 36 unasema watapelekwa, wao na mfalme wao, kwa taifa wasilolijua. Mfalme wako wewe ni yupi? Kuchomoa kipande cha mstari na kumtwika mwanamke aliyefiwa si kufasiri Maandiko, ni kupiga ramli kwa Biblia.

Atakutajia Daudi, aliyefiwa na mtoto. Sawa, lakini dhambi ya Daudi ilijulikana, na nabii Nathani alitumwa na Bwana kuitaja. Huyu hajataja dhambi yoyote, anataka wewe umtafutie. Bildadi, rafiki wa Ayubu, naye alimwambia kwamba wanawe walikufa kwa makosa yao. Maneno yake yamo ndani ya Biblia, na katika sura ya 42 Mungu anawakemea yeye na wenzake.

Kwa hiyo usiungame dhambi usiyoijua, si kikundini wala kwa mumeo. Keti naye msome Luka 1:5-7. Zakaria na Elisabeti wanaitwa wenye haki, wasio na lawama, na papo hapo tunaambiwa hawana mtoto. Mumeo naye amefiwa, kumbuka. Huenda anahoji kwa sababu anatafuta pa kuuweka uchungu wake, lakini asiuweke juu yako. Nendeni hospitali pamoja. Madaktari watawaeleza kwamba mimba nyingi zinazotoka miezi ya mwanzo hutokana na hitilafu za kromosomu, ambazo hakuna aliyezisababisha.

Kikundini usirudi kwa sasa. Mpelekee mchungaji wako jambo hili, na mwalimu aitwe aeleze mbele ya wazee alivyofika kwenye tafsiri hiyo. Akikubali kuelekezwa kama Apolo, aendelee kufundisha. Akikataa, darasa lipewe mtu mwingine, hata kama naye ni mshona mahema.