Babu Alikuwa Keya: Anza na Namba, Jina Lifuate

Msomaji ametuandikia kwamba babu mzaa babu yake alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alipigana na Mjerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na jina lake "halipo popote". Huenda lipo. Wengi hukwama kwa sababu wanaanza na jina.

Anza na nishani. Nyota ya 1914-15 imeandikwa mgongoni. Zile za mviringo za vita hivyo zimeandikwa ukingoni. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, herufi zinalika. Ilaze mahali penye kiza kidogo, mulika tochi kwa ubavu, piga picha ukiizungusha. Utasoma namba, cheo, jina na kikosi. Nakili vyote kama vilivyo, hata jina likiwa limekosewa, maana karani huenda aliliandika hivyohivyo daftarini.

Namba bila batalioni itakupoteza: watu wawili wa vikosi tofauti waweza kuwa na namba moja. KAR ya 3 ilikuwa ya Kenya, ya 4 ya Uganda, ya 1 na ya 2 za Nyasaland, Malawi ya leo. Ukiona 2/3, hiyo ni batalioni ya pili ya rejimenti ya tatu.

Ndipo uende kwenye madaftari ya nishani, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, London, uombe kwa namba ya rejea: WO 329 kwa vita vya 1914-18, WO 100 kwa vya kabla, kama vile Nandi 1905-06. Shajara za vita, WO 95, zitakuonyesha kikosi kilikuwa wapi, lakini mara nyingi humtaja afisa kwa jina na askari kwa idadi.

Waliokufa watafute bure kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Hassan mtafute pia kama Asani. Jaribu na bila "bin". Tarehe ikiwa 15 hadi 18 Oktoba 1917, fikiria pigano la Mahiwa, karibu na Lindi. Isipolingana na pigano lolote, fikiria kuhara damu, malaria au kichomi.

Kwa askari wa Mjerumani njia ni nyembamba: hifadhi ya nyaraka za jeshi iliyokuwa Potsdam, Ujerumani, iliungua kwa mabomu Aprili 1945.

Wachukuzi wa Kariakoo, yaani wa Carrier Corps waliolibebea mizigo jeshi la Mwingereza, ndio wanaouma moyo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba wengi hawakukumbukwa kwa majina. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, haina jina hata moja. Kwa hiyo ukikosa jina la mchukuzi usiseme hakwenda vitani. Aliyepaswa kumwandika hakumwandika. Kwa wa Kenya, nenda Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, uombe majalada ya wilaya ya uandikishaji na ya mishahara ya marehemu ambayo familia hazikulipwa. Beba jina la lokesheni (eneo la chifu) na la chifu wa wakati ule, maana majalada yamepangwa kwa wilaya.

Ukipata ushahidi, Tume hupokea maombi ya kuongeza jina. Kifo kiwe kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, na uambatanishe nakala ya ukurasa unaoonyesha alikufa akiwa kazini.