Nimelipia mvinyo wa Bordeaux ungali kwenye pipa, sitaunywa wala kuugusa, kuna ubaya?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mtu wa Tanga naishi London, naendesha basi. Kuna jamaa tunaswali naye kaniingiza kwenye biashara ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, kule Ufaransa. Unalipia mwezi wa nne au wa tano mvinyo ukiwa bado kwenye mapipa, unapewa cheti, baada ya kama miaka miwili unatiwa kwenye chupa unakuja kukaa kwenye ghala la forodha hukuhuku Uingereza, bei ikipanda unauza. Mimi sinywi na wala sitauona. Ustadh mmoja katuambia hii ni salam, yaani kulipa bei kwanza na bidhaa kuja baadaye, aliyoiruhusu Mtume (s.a.w.) na wanunuzi wenyewe sio Waislamu. Nimeshalipa pauni 6,000, ni hela nilizokuwa naweka za kumjengea mama nyumba. Roho hainitulii na mke wangu sijamwambia. Nifanyeje?

JAWABU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Ndugu yangu nakujibu mapema kuliko waliokutangulia kwa sababu wewe ni wa tatu kuniuliza jambo hili, na wote mnakuja na neno hilohilo la salam. Haifai, ni haramu. Nimelisema mwanzo ili usisome hadi chini ukitegemea kutakuwa na mlango wa nyuma. Lakini usikate tamaa na hela yako, nitafika huko.

Kwamba pombe ni haramu sina haja ya kukufundisha, unalijua toka chuoni. Kinachoniuma mimi ni hoja za huyo ustadh manake zimevalishwa kanzu ya fiqhi.

Tuanze na hiyo salam. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wanalipia tende mwaka mmoja na miaka miwili kabla, akawaambia mwenye kulipa mbele basi alipie kipimo kinachojulikana na uzito unaojulikana mpaka muda unaojulikana. Ameipokea Ibn Abbas, iko kwa Bukhari na Muslim. Tende! Salam imekuja kupanga namna ya kulipia kitu cha halali, haikuja kukihalalisha kitu chenyewe, ingekuwa hivyo basi mtu angelipia nguruwe miezi sita kabla hajazaliwa akasema nimefanya salam.

Halafu hata tujaalie kwenye yale mapipa mna siki, bado sio salam. Salam unanunua kitu kwa sifa zake, kinakuwa deni juu ya muuzaji, akikikosa kwake anakitafuta kwa mwingine mwenye sifa zilezile akuletee. Ndio maana wanazuoni wakakataa salam ya tende za shamba moja maalumu, kwa kuwa shamba likipigwa na janga huna cha kudai. Sasa mvinyo huu bei yake yote iko kwenye jina la shamba! Wale wa Bordeaux wameyapanga mashamba yao madaraja toka 1855, na tangu hapo shamba lililopandishwa kuingia daraja la kwanza ni moja tu, Mouton Rothschild, mwaka 1973. Umelipia mvinyo wa shamba la Château Margaux wakakuletea wa jirani yake, utaupokea? Huupokei. Na tena kitu chenyewe kipo tayari, zabibu zimevunwa mwezi wa tisa na wa kumi, zimekamuliwa zikachachuka, zimewekwa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225, na masika ya kwao wafanyabiashara wanakwenda kuonja ndio bei inatangazwa, kisha unapita kwa madalali na matajiri wa mjini Bordeaux mpaka ukufikie wewe. Hiko ni kitu kilichopo kinauzwa na kucheleweshwa kukabidhiwa, Wafaransa wana jina lao wanaita en primeur, na hilo jina linatosha, wasitafutiwe jina la Kiarabu. Na kuna wanaouza vyeti hata kabla mvinyo haujatoka kwenye pipa, wakati Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuuza chakula alichonunua mpaka akipokee, na Ibn Abbas akasema naona kila kitu ni kama chakula. Kwa hiyo huyo ustadh angeambiwa hii ni biashara ya zabibu kavu bado angepaswa kuwazuia.

Unasema sitaunywa wala kuugusa. Nakuamini. Lakini kwenye hadithi ya Anas waliolaaniwa kwa sababu ya pombe ni watu kumi, na mnywaji kati yao ni mmoja tu. Waliobaki ni mkamuaji, mwenye kukamuliwa, mbebaji, mwenye kubebewa, mmiminaji, muuzaji, mla thamani yake, mnunuzi na mwenye kununuliwa, na hawa inawezekana kabisa hawajaonja tone. Wewe kwa cheti kimoja umeshaingia kwa mnunuzi, ukiuza utaingia kwa muuzaji, ukipeleka faida Tanga umeingia kwa mla thamani. Na usiniambie uko ghalani sio kwako, hilo ghala linakutoza uhifadhi na bima kila mwaka, na mtu hawekei bima kitu kisicho chake.

Kuna hadithi kwa Muslim nataka uisome polepole. Mtu alimletea Mtume (s.a.w.) zawadi ya kiriba cha pombe, akamuuliza hujui kwamba Allah ameiharamisha? Akasema sijui. Kisha yule mtu akamnong'oneza mwenzake pembeni. Mtume akamuuliza umemnong'oneza nini? Akasema nimemwambia akaiuze. Akamwambia Aliyeharamisha kuinywa ameharamisha na kuiuza. Yule bwana akafungua vinywa vya kiriba chake akamwaga yote. Mnong'ono ule ndio jamaa yako aliokunong'oneza wewe, hatunywi, tunauza tu.

Wanunuzi sio Waislamu, sawa, na hapo najua wanamvuta Imam Abu Hanifa. Ni kweli ana kauli kuhusu Muislamu kumuwakilisha asiye Muislamu akamuuzia pombe, nayo wanafunzi wake wakubwa Abu Yusuf na Muhammad hawakukubaliana naye, na mwenyewe alilichukia jambo hilo. Lakini wewe hukumtuma mtu, umejisajili kwa jina lako na kulipa kwa kadi yako. Wengine wanasema Mahanafi walilegeza kwenye vinywaji vya namna nyingine, ndugu yangu hii ni Cabernet Sauvignon na Merlot, zabibu tupu, na maji ya zabibu yasiyopikwa yakichachuka yakawa kilevi hakuna madhehebu iliyoyasamehe. Huyo ustadh akiwa na kitabu kinachosema kinyume namuomba anitumie ukurasa, nitausoma kwa adabu. Kama hana basi amche Allah, manake watu wanaweka akiba zao kwa neno lake.

Sasa hela yako. Mkataba ni batili na pombe kwa Muislamu sio mali, kwa hiyo hukuwahi kuimiliki na pauni zako 6,000 bado ni haki yako kwa waliozichukua. Waandikie wiki hii hii, kabla haijatiwa kwenye chupa, waambie unavunja unataka rasilimali yako, hata wakikata kiasi kubali. Wakikwambia bei imepanda wanainunua kwa zaidi, chukua ulichotoa tu. Wakikataa kabisa, hapo ndipo pagumu na mimi sitakudanganya, usimuuzie mtu mwingine. Sahaba Abu Talha alikuwa na mayatima wamerithi pombe, akamuuliza Mtume (s.a.w.), akaambiwa imwage, akauliza nisiifanye siki? Akaambiwa hapana. Hiyo ilikuwa mali ya yatima, iliyopatikana kabla pombe haijaharamishwa.

Na hiyo faida uliyoahidiwa nayo si ya uhakika kama ulivyoambiwa. Walionunua mavuno ya 2009 na 2010 wakati Wachina wanagombania waliona soko linaanguka kuanzia 2011, na shamba la Château Latour wenyewe waliacha kuuza kwa njia hii kuanzia mavuno ya 2012. Sikwambii hivi kama dalili ya kisheria, hata ingekuwa faida ya yakini ni haramu vilevile, nakwambia kwa sababu naona ulikuwa na haraka.

Haraka hiyo naielewa. Mtu uko nje, kila simu ya nyumbani ni bati, ni saruji, fulani kamaliza ya mamaake wewe bado, na mshahara wa basi ni uleule. Lakini mama yako hajakuomba nyumba ya mwaka huu. Mpigie, mwambie mama hela ilikwama, nitaanza na msingi na chumba kimoja na choo, mengine tutaongeza. Nina hakika atakuombea dua kuliko atakavyonung'unika. Huyo jamaa yako usimsute msikitini, naye kadanganywa, mchukue muandike barua pamoja.

Na mkeo mwambie leo ukirudi kazini, kabla hajaipokea yeye ankara ya ghala mlangoni.

Wallahu aalam.