Weka pochi chini, nenda kasimame mbele ya ruta

USINUNUE HIZO RIPITA (vile vifaa vya kusogeza Wi-Fi mbali). Hata kama ushatoa advansi, mpigie huyo fundi leo hii akurudishie.

Nimesoma uzi wako nikiwa mezani na mgebuka umepoa hivi hivi. Unasema uko Gungu, hapa Kigoma, nyumba ya vyumba vinne, Wi-Fi inakata kila siku kuanzia saa moja jioni, inarudi baada ya kama dakika mbili, inakata tena. Fundi kakwambia kuta ndiyo tatizo, ununue ripita mbili za Sh 50,000 kila moja. Sasa unauliza uzifunge wapi, utumie 2.4 GHz au 5 GHz (yale masafa mawili ya Wi-Fi), na bando gani la mwezi litatosha watu sita.

Mkuu, mimi niko Ujiji, na hayo maneno nilishaambiwa hivyo hivyo yalivyo, mpaka nimeanza kuhisi fundi wetu ni mmoja. Kama ana begi jeusi la mgongoni na kila akifungua mdomo ni "bosi wangu", nitumie ujumbe tukamtafute wote.

Yangu yalinikuta mwaka 2024. Mwishoni mwa Aprili, mvua zile za kufungia msimu, radi ikapiga upande wa ziwani. Radi ya Kigoma wenyeji mnaijua. Nyie wa Dar mkisikia ngurumo mnadhani ndiyo hiyo. Umeme ukaondoka, ukarudi kwa kishindo, adapta ya ruta ikafa kimya kimya, hata moshi haikutoa. Sasa hapa mtanisamehe, maana najua mtacheka. Kabatini kulikuwa na king'amuzi cha zamani tulichoacha kukitumia, na adapta yake ilikuwepo. Nikasoma: volti 12. Ruta nayo inataka volti 12. Pini ikaingia, taa zikawaka. Mimi ni nani nibishane na taa? Nikajisifia kwa mke wangu kwamba nimeokoa elfu kumi.

Nilisoma mstari wa volti tu. Mstari wa ampea uko chini yake, umeandikwa kwa herufi za kusomewa na siafu. Adapta iliyokufa ilikuwa ya ampea 1. Ya king'amuzi ilikuwa ya ampea 0.5. Maana yake ya kwanza ilikuwa inaweza kutoa wati 12, hii wati 6. Mchana nyumba haina watu, ruta imetulia, wati 6 zinaitosha. Jioni watoto wamerudi, TV inavuta video, simu sita zimeunganishwa, ruta inadai umeme zaidi, adapta inazidiwa, volti zinaporomoka, ruta inajizima na kujiwasha upya. Inachukua kama dakika moja na nusu kusimama. Ikisimama tu, simu zote zinairukia kwa pamoja, inaanguka tena.

Hayo nayasema leo kama mtaalamu. Wakati ule nilikuwa chumba cha nyuma na simu mkononi, mtandao ukikata napiga kelele, ukirudi nanyamaza.

Ndiyo nikamwita fundi. Fundi pikipiki yeyote pale Mwanga, ukimpelekea boda isiyowaka, kitu cha kwanza anatikisa tenki asikie kama mafuta yamo. Huyu wangu hakutikisa tenki. Alipita sebuleni bila kuitazama ruta, akaenda kugonga ukuta kwa kidole kama mtu anachagua nanasi, akasema, "Bosi wangu, hizi tofali za kuchoma zinakula mawimbi." Nikakubali! Na kuta kweli hupunguza mawimbi, hilo hakudanganya. Lakini ukuta ulikuwepo asubuhi, ukuta ulikuwepo mchana. Kama ukuta ndiyo mchawi, mbona unasubiri saa moja jioni ndiyo uroge? Hilo swali halikunijia. Nikatoa Sh 90,000 ya ripita mbili na Sh 30,000 ya kufunga.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipopigwa kweli kweli, na ndipo wewe unapoelekea. Kabla ya ripita, ruta ikijizima, jina la Wi-Fi lilikuwa linapotea kabisa kwenye simu. Hiyo ilikuwa dalili nzuri sana, kama ningekuwa na akili ya kuisoma: jina likipotea, maana yake kifaa chenyewe kimezimika. Baada ya ripita, jina halikupotea tena. Ripita ina umeme wake, iko kwenye soketi yake, inaendelea kutangaza jina lile lile hata kama ruta imelala. Kwa hiyo simu inaonyesha mistari imejaa mpaka juu, na hakuna kinachofunguka. Nimelipa 120,000 kuficha ugonjwa wangu mwenyewe. Ni sawa na kuweka plasta juu ya jipu, tena plasta ya bei.

Nikampigia fundi: mistari imejaa ila mtandao hakuna. Akasema, "Bosi wangu, huo ni mkongo wa baharini." Ikumbukwe tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kweli, nchi nzima ikahangaika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo Mei nilimwamini. Juni akaniambia ni mkongo. Julai ni mkongo. Jamani, mkongo uliokatika Mei na kutengenezwa unanikatia mimi peke yangu Ujiji mwezi Julai, tena baada ya magharibi tu? Na jirani yangu wa upande wa pili wa mwembe anaangalia mpira bila shida!

Nilipomjia juu akabadilisha wimbo: ruta imechoka, lete Sh 140,000 nikuletee ya kisasa, ya bendi mbili (2.4 na 5 GHz). Nikaleta. Na hapa, wakuu, kama kuna anayekunywa chai aweke kikombe chini. Ruta mpya ilikuja na adapta yake mpya ndani ya boksi, volti 12, ampea 1.5. Fundi akaona waya wa ile adapta ya king'amuzi umepita vizuri nyuma ya kabati la TV na kubanwa na vibano ambavyo yeye mwenyewe alivipigilia. Akasema tusiharibu kazi nzuri. Akachomeka ruta mpya kwenye adapta ile ile ya zamani, akafunga boksi, akaliweka juu ya kabati la nguo.

Dawa ilikaa juu ya kabati langu wiki tano. Nilikuwa nalala chini yake.

Na ruta ya bendi mbili inakula umeme kuliko ile ya kwanza, kwa hiyo sasa ilikuwa inaanguka hata mchana. Jumlisha mwenyewe: 120,000 na 140,000 ni Sh 260,000. Hapo sijaweka vocha za kumpigia, wala soda alizokunywa.

Aliyelimaliza hili ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, alikuja likizo. Siku hiyo alikuwa amekaa chini sebuleni akichaji simu, uso umeelekea kwenye ruta. Mtandao ukakata, mimi huko nyuma nikaanza kelele zangu. Akaitikia kwa utulivu kabisa: "Mjomba, mbona hii taa zake zote zimezima? Hee, zinarudi moja moja." Miezi mitatu na ushee, watu wazima wawili, mmoja analipwa, na hakuna aliyewahi kuitazama ruta wakati inakata. Tulikuwa tunaifikia ikishawaka, taa zimejaa kijani, tunasema ruta iko salama.

Tukashusha boksi. Tukabadilisha adapta. Haijajizima tena mpaka leo, labda umeme wenyewe uondoke.

Kwa hiyo, mkuu, leo saa moja jioni usikae chumbani. Chukua kigoda, kaa mbele ya ruta, subiri ikate mbele ya macho yako, na usiguse kitu chochote. Tazama taa. Hiyo tu.

Zikizima zote halafu zikarudi moja moja, mara nyingi huo ni umeme. Kagua adapta: volti zilingane kabisa na zilizoandikwa chini ya ruta, ampea ziwe sawa au zaidi. Ampea zikizidi hakuna ubaya, ruta inachukua inachohitaji. Volti zikizidi utaiunguza. Angalia na ule mchoro mdogo wa duara wenye alama ya kujumlisha na kutoa, ufanane kote kuwili. Kisha jaribu soketi nyingine, maana ekstensheni iliyolegea inafanya vituko vile vile. Kama huna subira ya kukaa kwenye kigoda, ingia kwenye ukurasa wa ruta (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, anwani imebandikwa chini yake), tafuta mahali panapoonyesha imewaka kwa muda gani. Ukikuta imewaka dakika 12 na wewe hujaizima toka juzi, umempata mwizi.

Taa ya umeme ikibaki imetulia ila ya intaneti ikazima, au kama ni ya faiba ile ya LOS (ya kuonyesha mawimbi ya faiba yamepotea) ikawa nyekundu, mara nyingi tatizo liko nje ya nyumba yako. Piga simu kwa waliokuuzia huduma, na ripita haitaleta kitu ambacho hakijafika kwenye ruta. Kama ruta yako ni ya laini, jioni mnara nao unaelemewa, hilo lipo.

Taa zote zikiwa salama na bado simu inakata, hapo ndiyo tuanze kuzungumza habari za Wi-Fi. Chomeka laptopu kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, fungua Command Prompt ya Windows, andika ping 192.168.1.1 -t (weka anwani ya ruta yako; hiyo inaiuliza ruta kama ipo) na uache iendelee. Kwa waya inajibu bila kukatika na simu inahangaika? Basi hayo ni mambo ya hewani. Itoe ruta nyuma ya TV, kwenye 2.4 GHz jaribu chaneli ya 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani, na ya jirani yako huenda imekaa pale pale ilipo yako. Hayo yote ni bure.

Na huyo hapo juu kwenye uzi aliyemshauri mkuu abonyeze kile kitundu cha kurudisha mipangilio ya kiwandani: ndugu, kuna ruta zenye jina na nywila ya kuingilia kwa waliokuuzia huduma ndani yake. Ukifuta hizo, kutoka mtandao wa kukatakata anahamia kwenye kukosa kabisa, halafu anamwita nani? Yule yule wa begi la mgongoni.

Mkuu, rudi hapa kesho utuambie taa zimefanyaje. Usituambie fundi kasemaje, sema taa zimefanyaje. Na kama zikionyesha ni kuta kweli, sawa, nitakubali, mimi ripita zangu mbili bado zipo kwenye droo na sijui nizifanyie nini, nitakupa zote kwa 30,000. Adapta ya king'amuzi siiuzi, nimeitundika ukutani.